Je, Mgombea Huyu ni Mwenzetu?



Tulikuwa katika kigango kimoja cha mashambani, majira ya kampeni, baada ya Misa ya Jumapili. Viongozi wa Jumuiya Ndogondogo walibaki chini ya mbuyu kupanga michango ya nyumba ya katekista. Mambo ya michango yalipokwisha, mmoja wao, mtu mwema asiyekosa sala, aliuliza kwa sauti ya chini juu ya wagombea udiwani wawili waliopita kijijini juma lile: "Kati ya hawa, mwenzetu ni yupi?" Wote tulielewa. Hakuwa anauliza ni yupi mzaliwa wa kata ile, maana wote wawili walizaliwa pale, wote wawili ni Wagogo, na mama zao huteka maji katika kisima kimoja. Alikuwa anauliza ni nani amebatizwa. Akajibiwa, na kikao kikafungwa kwa sala. Nasi tulikuwapo, tukaitikia Amina pamoja na wengine.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu ni rahisi mno kuanza na makosa ya wanasiasa. Jukwaani mwanasiasa hujihadhari. Katiba yetu, katika ibara ya 20, inakataza kusajiliwa kwa chama chochote chenye shabaha ya kukuza maslahi ya dini, kabila au rangi fulani, na mgombea anajua kwamba kipaza sauti husikika mbali. Kwa hiyo akiwa mkutanoni atahubiri umoja. Neno lenyewe hupita usiku, kwa mnong'ono, nyumba kwa nyumba, na ili lipite linahitaji watu wanaoaminiwa nyumbani humo. Mara nyingi watu hao ni sisi: mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa kanisa, imamu, katekista. Hata padre.

Nchi hii ilizaliwa ikibishana juu ya jambo hilihili. Vijana wetu wengi hawajui habari ya kura tatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 Mwingereza alimlazimisha kila mpiga kura wa Tanganyika kuchagua watu watatu kwa pamoja: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi katika TANU waliona kwamba kukubali masharti hayo ni kujidhalilisha, na ubishi huo ulikaribia kukivunja chama katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake, akidai Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao. TANU iliingia katika uchaguzi ule na ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na shabaha yake, akina Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Kisha Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge likajadili sheria ya uraia, na wako wabunge waliotaka uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere aliwakabili bila kuwabembeleza, ingawa wengi wao walikuwa wa chama chake mwenyewe.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1965 Jamal alisimama Morogoro na Bryceson Dar es Salaam, kila mmoja akashindana na Mwafrika mbele ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika. Wote wawili walishinda kwa kura nyingi. Kanuni za kampeni za wakati ule zilimkataza mgombea kutaja kabila, dini au rangi, na zilimtaka aseme Kiswahili tu. (Bibi wa Kigogo asiyejua Kiswahili hakuulizwa alionaje mpango huo, na hilo nalo lingestahili tahariri yake.) Hatusemi kwamba zama za chama kimoja zilikuwa za malaika. Tunasema tu kwamba mkulima wa Morogoro ambaye hakuwa amesoma alipewa nafasi ya kumpima Mhindi kwa kazi yake, akampima kwa kazi yake.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mnong'ono ulirudi ukiwa na sauti. Na la kutuumiza ni kwamba mmoja wa waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mchungaji. Christopher Mtikila aliwaita raia wenye asili ya Kiasia "magabacholi" mbele ya umati, na mawe yakarushwa kwenye magari yao katika mitaa ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1993 taifa zima lilibishana juu ya Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, hadi ilipojitoa. Na mwezi Aprili mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Mwalimu alipozungumza na waandishi wa habari Machi 1995, aliutaja udini na ukabila kati ya nyufa za nyumba yetu.

Lakini kisa kinachotuhusu sisi wa Dodoma kuliko vyote kilitokea hapa nyumbani, katika ukumbi wa Chimwaga, ambao leo umo ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2005 mkutano mkuu wa Chama cha Mapinduzi ulikutana pale kumpata mgombea urais. Majina yalikuwa matatu: Jakaya Kikwete, Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Salim alizaliwa Pemba mwaka 1942. Alikuwa balozi akiwa na umri wa miaka 22, akawa Waziri Mkuu, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka 12, tangu 1989 hadi 2001. Kabla ya mkutano ule ilienezwa habari kwamba yeye ni Mwarabu, na kwamba alikuwa Hizbu, yaani mtu wa chama kile kilichopinduliwa Zanzibar Januari 1964. Mwanaume ambaye Afrika nzima ilimkubali kuwa mtoto wake kwa miaka 12 aliulizwa na ndugu zake wa nyumbani kama kweli yeye ni Mwafrika.

Alikuwa wa pili. Hatuwezi kusema kwamba asingeshindwa bila maneno yale; Kikwete alikuwa mtu aliyependwa sana, na wajumbe walikuwa na sababu nyingine halali za kumchagua. Tunalotaka wasomaji walitazame ni namna watetezi wa Salim walivyomtetea. Walijibu: Siyo Hizbu, siyo Mwarabu, ni Mwafrika kama sisi. Walikuwa na nia njema. Lakini kwa kujibu hivyo walikubali kwamba swali lilikuwa halali. Je, kama katika ukoo wake imo damu ya Kiarabu, kama ilivyomo katika koo nyingi za pwani na hata za watu wa hapa bara waliokaa kando ya njia za misafara, basi Katiba ingemnyima nini?

Wako wanaodhani kwamba mambo haya ni ya nchi changa, na kwamba wenzetu waliotangulia kupiga kura wameyamaliza. Sivyo. Marekani, mwaka 1928, Gavana Al Smith wa New York aligombea urais akaandamwa na uvumi kwamba Baba Mtakatifu ndiye atakayetawala Washington. Kosa lake lilikuwa kuwa Mkatoliki. Mwaka 1960 John Kennedy, Mkatoliki pia, alilazimika kwenda Houston kusimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti kueleza kwamba Kanisa halitamwamuru kazi ya serikali. Tukumbuke hayo sisi Wakatoliki tunapoona ni jambo dogo kumhoji mtu wa imani nyingine.

Mwaka 2008 zamu ikawa ya Barack Obama, mwana wa Mjaluo wa Kenya. Alisumbuliwa kwa sababu ya mahubiri ya mchungaji wake mwenyewe huko Chicago, Jeremiah Wright, na wakati huohuo ikavumishwa kwamba yeye si Mkristo kabisa bali ni Mwislamu wa siri. Picha iliyotembezwa ilipigwa hapa Afrika Mashariki: ni ya mwaka 2006, Wajir, kaskazini mwa Kenya, ambako alivishwa vazi la wazee wa Kisomali kama mgeni anavyoheshimiwa. Heshima ya Wajir ikageuzwa kuwa shutuma Marekani. Waliomtetea walijibu kama watetezi wa Salim: Siyo Mwislamu, ni Mkristo. Ndipo Oktoba 2008 Colin Powell, jenerali mstaafu wa chama kilichoshindana na Obama, aliposema jambo ambalo wengi hawakuthubutu. Alisema jibu sahihi ni kwamba mtu huyu ni Mkristo na amekuwa Mkristo siku zote. Lakini jibu lililo sahihi zaidi ni kuuliza: na kama angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani?

Hilo ndilo jibu ambalo hatukulitoa chini ya mbuyu.

Nasi tulijaribiwa mwaka 2010. Dokta Willibrod Slaa, aliyewahi kuwa padre na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, aligombea urais kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka uliotangulia, waraka ulioandaliwa ndani ya Kanisa letu kuhusu uchaguzi ulikuwa umezua ubishi, na Shura ya Maimamu ikatoa mwongozo wake kwa Waislamu. Hewa ilikuwa nzito. Misikitini kulisemwa kwamba Slaa ametumwa na maaskofu. Na sisi tukakasirika, tukasema ni uzushi. Ulikuwa uzushi. Ila tukiri pia kwamba katika jumuiya zetu wako waliompigia debe kwa sababu tu aliwahi kuvaa kanzu ya padre, na kwamba chama cha CUF cha Profesa Lipumba tulikiita cha Waislamu kwa ulimi mwepisi, bila hata kuisoma ilani yake. Na baada ya vurugu na vifo vya Oktoba 2025 tuliwasikia watu, wa pande zote mbili, wasiojadili ni nani aliyekufa na kwa nini, bali dini ya aliyekemea na dini ya aliyekemewa.

Upo pia udini wa upole, unaovaa nguo ya haki. Watu huhesabu kwa vidole: Nyerere Mkatoliki, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki, Samia Mwislamu; halafu husema, safari ijayo ni zamu yetu. Zamu hiyo haimo katika Katiba. Rais Samia aliingia Ikulu Machi 2021 kwa sababu mtangulizi wake alifariki na Katiba ikamtaja makamu, wala hakuna aliyetazama orodha. Anayedai zamu leo atakuwa na neno gani kesho, wengi wa upande wa pili watakapodai yao?

Hata hivyo tusitumie neno "udini" kama kofi la kumnyamazisha mtu. Mwislamu anapolalamika kuhusu elimu, analalamikia jambo lenye mizizi. Katika ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu aliogopa, mara nyingine kwa sababu nzuri, kwamba mwanawe atarudi nyumbani na jina jingine. Serikali ilizitaifisha shule hizo baada ya sheria ya elimu ya 1969, lakini miaka ya nyuma hairudishwi kwa sheria. Vivyo hivyo makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu hospitali na shule: ni haki ya Mwislamu kuuliza yanasema nini, na ni wajibu wetu kumjibu kwa hesabu zilizo wazi, tukimwonyesha ni wagonjwa wa dini gani wanaolala katika vitanda vyetu. Kuleta dai mbele ya watu wote, likapimwa, ndiyo siasa yenyewe. Udini ni ule unaoogopa kupimwa, ndiyo maana hunong'ona.

Sisi wa nyanda hizi za kati tunayo bahati ambayo hatujaithamini. Nenda Kondoa, utakuta ukoo mmoja wa Warangi una mashehe na una masista. Kaka amezikwa kwa kisomo, dada kwa Misa, na waliochimba makaburi ni walewale. Watu wa namna hiyo hawahitaji semina ya kuishi pamoja. Ila majira ya kampeni hata wao hutenganishwa na mgeni mwenye gari na fulana za bure, akikaa siku mbili tu.

Basi tunaziomba Kamati za Haki na Amani za parokia zifanye kazi moja kabla ya Kwaresima. Kila jumuiya ikae na kukumbuka, bila kutaja majina ya watu, maneno gani kuhusu dini, kabila au rangi yalipita kwao katika uchaguzi uliopita, yaliletwa na nani kwa maana ya cheo chake, na nani aliyajibu. Yaandikwe kama yalivyosemwa, hata kama ni ya aibu. Taarifa ziletwe kwa paroko, nasi tutazisoma zote. Ile ya kigango cha mbuyu tumeshaiandika sisi wenyewe.