RF chanya si hukumu ya kifo

Mama wa miaka arobaini na kitu anaamka vidole vimekakamaa, hata mwiko haushikiki mpaka jua lipande. Anapimwa damu, karatasi inarudi imeandikwa "RF chanya". Kabla hajamwona daktari, jirani ameshamwambia wenye ugonjwa huo hawafiki mbali.

Jirani amezidisha chumvi, ingawa hofu yake haikutoka hewani.

RF ni kingamwili iliyopotea njia. Badala ya kupambana na vijidudu, hushambulia kingamwili nyingine za mwili huohuo. Erik Waaler wa Norway aliandika habari zake mwaka 1940. Huweza kuonekana pia kwa mwenye homa ya ini aina ya C, kifua kikuu, au mzee asiyeumwa chochote. Ndiyo maana siku hizi madaktari huongeza kipimo cha anti-CCP, ambacho hakimsingizii mtu baridi yabisi kirahisi hivyo.

Nchini Iceland, watafiti walichukua damu ya watu zaidi ya 11,000 miaka ya 1970 na 1980, wakawafuatilia hadi 2005. Wenye RF walikufa mapema zaidi kuliko wenzao, na moyo ulikuwa miongoni mwa sababu. Hali ilikuwa hivyo hata kwa wasiolalamika viungo.

Moyo! Nyumbani magoti yanachuliwa kila jioni, moyo hauangaliwi na mtu. Uvimbe uleule unaokula viungo huharibu pia mishipa ya damu. Kwa hiyo mwenye baridi yabisi apimwe presha, sukari na mafuta ya damu, na kama anavuta sigara aache, kwani sigara huuchochea ugonjwa wenyewe.

Dawa nazo hubadili hesabu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha wagonjwa waliotumia methotreksati walikufa wachache kuliko wasioitumia. Dawa hii kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Anayeimeza kila siku anaweza kufa kwa dawa badala ya ugonjwa, hivyo siku yake iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, familia nzima iijue.

Vidonge vya steroidi vinavyonunuliwa dukani bila cheti hutuliza haraka, na hapo ndipo mtego ulipo: vikizoeleka hupandisha presha na sukari, na kudhoofisha mifupa. Na mwanamke anayetarajia kubeba mimba amwambie daktari mapema, kwa kuwa methotreksati hudhuru mtoto tumboni.