Mtengeeni Mkulima Sehemu Yake Sokoni

Kwa Mheshimiwa Gavana na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Kaunti ya Nyeri.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mlaji. Wakulima wana vyama vyao vya ushirika, na wachuuzi wana kamati zao za soko. Sisi tunaobeba kiondo Jumamosi asubuhi hatuna msemaji, ingawa fedha zote zinazozunguka sokoni hutoka kwanza mifukoni mwetu.

Nakaa Nyeri mjini, na nipatapo nafasi hupanda matatu hadi Karatina. Huko hupata waru za Kieni zikiwa bado na udongo, nduma za kingo za mito, ndizi za Mukurwe-ini, njahi, minji, managu na terere, pamoja na mchele wa Mwea kutoka kwa jirani zetu wa Kirinyaga. Ni neema kuishi mahali kama hapa, na sitaki tuizoee hadi tusahau kuilinda.

Ombi langu ni hili: katika kila soko kubwa la kaunti yetu, tengeni sehemu ambayo, asubuhi moja kwa wiki, atauza mkulima aliyelima kwa mikono yake. Nitawaeleza lilikotoka.

Msimu wa masika uliopita nilimkuta cucu mmoja, bibi mzee, nje ya ua wa soko fulani. Sitalitaja, kwa kuwa kisa hiki kingeweza kutokea katika soko lolote la miji ya Mlima Kenya. Alikuwa ametandika gunia chini, juu yake mafungu ya managu na karoti za kujaza ndoo mbili. Nilimwuliza kama managu zilipuliziwa dawa. "La, mwanangu," akasema, "ni mbolea ya mbuzi tu. Nimezichuma jana jioni jua lilipopoa." Kwa maneno hayo machache alinijibu swali ambalo nimewahi kuuliza katika vibanda vingi bila kupata jibu. Anayepulizia nyanya au sukuma wiki dawa ya wadudu anapaswa kungoja siku kadhaa kabla ya kuchuma, kama kibandiko cha chupa kinavyoelekeza. Aliyepulizia ndiye anayejua kama alingoja. Mboga ikishapita mikono mitatu, habari hiyo imebaki shambani.

Nilimwuliza pia kwa nini hakuingia ndani. Akaniambia kwamba meza zina wenyewe, wale wauzao kila siku, na yeye huja mara moja kwa wiki, shamba lake dogo likimruhusu. Alfajiri broka alikuwa amempa bei akaikataa. Mvua ilipoanza, matope yakafika kwenye gunia. Kabla ya saa sita broka yule yule alirudi na bei ya chini zaidi, na safari hii cucu akakubali. Nilikuwa nimenunua nilichoweza kubeba, na bado nilirudi nyumbani na uzito moyoni.

Simlaumu broka kwa kuwa broka. Ana lori, ana simu, na ndiye anayefikisha waru zetu katika soko la Wakulima kule Nairobi. Mama mboga naye anaamka saa kumi ili mtaa upate mboga kabla ya jua kuchomoza. Wote wawili tunawahitaji. Shida ni kwamba mwenye mzigo mdogo ana mlango mmoja tu wa kuuzia, na mwenye mlango huo ndiye anayepanga bei. Akipata mlango wa pili, hata bei ya broka itakuwa na adabu.

Jambo la pili ni mizani. Kwa miaka mingi wakulima wa waru wamelia na lumbesi, lile gunia linaloongezewa kichwa cha nyavu na kununuliwa kwa bei ya gunia la kawaida. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la waru. Lakini sisi wa kiondo tuna lumbesi yetu ya kinyume: gorogoro iliyobonyezwa kitako, au fungu lililopangwa likaonekana kubwa kwa mbele. Wekeni katika sehemu hiyo mizani iliyokaguliwa, ionekane na wote, ili muuzaji na mnunuzi wasomane uzito kabla ya kusomana uso.

Kumpa mwenye mazao nafasi ya kuuza mwenyewe si jambo geni katika nchi hii. Zamani masoko ya Agikuyu yaliendeshwa hasa na wanawake, na hata Agikuyu na Wamaasai walipokuwa vitani, wanawake waliruhusiwa kupita na mizigo yao wakauziana chakula na ngozi. Soko liliheshimiwa kuliko uadui.

Karatina nayo ina somo lake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za kulisha majeshi, na wakulima wa huku wakalima kwa bidii ili kukitosheleza. Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa, na mnunuzi mkubwa akatoweka akiwaacha na mashamba yao. Kahawa yetu nayo imetufunza kungoja bei inayoamuliwa mbali. Tuendelee kuuza mbali, lakini tusiwadharau walaji wa hapa hapa, ambao hula kila siku, vita viwepo au visiwepo.

Uwezo mnao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti kilimo, masoko na leseni za biashara. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kinachohitajika ni paa la mabati, maji ya bomba, choo safi, mizani, na ushuru unaolingana na mzigo, ili mwenye ndoo mbili asitozwe kama mwenye pikapu. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kuthibitisha nani analima nini, ili sehemu hiyo isigeuke meza za wale wale. Wanaolima bila kemikali wasaidiwe kufikia alama ya Kilimohai, ambayo Afrika Mashariki imekuwa nayo tangu mwaka 2007.

Anzeni na Karatina peke yake, kwa msimu mmoja wa masika. Mkiona panafaa, pelekeni Nyeri mjini, Othaya, Chaka na Mukurwe-ini. Nami naahidi kuja na majirani zangu, kila mmoja na kiondo chake, kwa sababu sehemu ya wakulima isiyo na wanunuzi itakufa hata ikijengwa kwa marumaru.

Ninachotamani kukiona ni kidogo. Cucu yule aketi pakavu, ataje bei yake, apime karoti zake mbele yangu, na saa sita arudi nyumbani na ndoo mbili tupu.

Wenu katika kuijenga kaunti,
Mnunuzi wa Jumamosi,
Nyeri.