Sheria za Ulaya pekee hazitamlinda mnyonge wa Kilifi

MKULIMA wa korosho huko Kibarani, Kaunti ya Kilifi, huenda hana habari na yanayojadiliwa Brussels. Hata hivyo, maamuzi ya huko yaweza kubisha hodi mlangoni pake.

Mnamo 2024, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozitaka kampuni kubwa kuchunguza na kuzuia ukiukaji wa haki za binadamu na uharibifu wa mazingira popote zinakotoa bidhaa zao. Wenye viwanda walilalamika, na Desemba 2025 ikaafikiwa ilegezwe: itahusu kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 5,000 na mauzo ya zaidi ya Yuro bilioni 1.5 kwa mwaka, kuanzia Julai 2029.

Nia ni njema, lakini zipo kasoro mbili.

Kwanza ni gharama. Mnunuzi akidaiwa ushahidi, atamtwika mzigo huo wakala, naye wakala amtupie mkulima. Hapa Pwani, familia nyingi hulima ardhi ya mababu bila hatimiliki. Zikitakiwa kutoa stakabadhi za shamba, zitapoteza soko ilhali hazijamkosea yeyote. Haki ni mnunuzi agharimie ukaguzi, na mkulima apewe muda wa kujirekebisha kabla ya kuachwa.

Pili, sheria hiyo huzifuata kampuni kubwa zinazofanya biashara Ulaya pamoja na wanaoziuzia bidhaa. Chumvi ya Magarini huliwa hapa nchini na kwa majirani. Ilhali ni huko Magarini ambako Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara mwaka wa 2005, ikasikia vilio vya watu kupokonywa ardhi, visima kuingia chumvi na vibarua kudhulumiwa.

Mahakama nazo huchelewa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kwa sumu ya risasi kilifungwa 2014. Wakazi walituzwa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka wa 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Fidia haimrejeshei mtoto afya yake.

Kenya ilitayarisha mpango wa kitaifa wa biashara na haki za binadamu mwaka wa 2019. Huo ni sera, wala hauna adhabu. Bunge litunge sheria itakayoilazimu kila kampuni kubwa, ya kigeni au ya nyumbani, kuwasikiliza wanakijiji kwa lugha wanayoielewa kabla ya kupewa leseni. Tusingoje Brussels itupimie maji ya visima vyetu.