Kuona si Kuokoa

Msomaji, mimba ni safari ya bahari. Wasafiri wengi hufika pwani salama. Lakini wako ambao njia yao ina mwamba uliofichwa na maji. Mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari, mwenye mapacha, na yule aliyezaa kwa kupasuliwa hapo kabla, hawa wote wanahitaji rubani mwenye macho makali.

Macho hayo yamepatikana. Mwaka 1958 daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza picha za tumbo zilizochorwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Sauti huingia, mwangwi wake hurudi, na mwangwi huo hugeuka taswira. Kwa taswira hiyo mkunga huona kondo la nyuma lililoziba mlango wa uzazi, ambalo huweza kummwaga mama damu hata akafa. Huona pia mtoto asiyekua, na mwendo wa damu katika kitovu chake.

Wako wasemao, “Nyanya zetu walizaa bila mashine.” Kweli walizaa, lakini waliokufa hawakubaki kutusimulia. Wengine wamekifanya kipimo hiki kuwa ramli: hawaulizi kama mama ni mzima, huuliza kama mtoto ni mvulana. Kwa upofu huo India ililazimika kutunga sheria mwaka 1994 ya kukataza kutafuta jinsia ya mtoto tumboni, maana mimba za wasichana zilikuwa zikitolewa.

Hata hivyo, kosa kubwa kuliko yote ni la wale wadhanio kwamba kununua mashine ni kumaliza kazi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, uliofanywa vijijini katika Kenya, Zambia, Kongo, Pakistan na Guatemala, ulionyesha kwamba kuongeza kipimo hiki hakukupunguza vifo vya mama wala vya watoto wachanga. Je, mashine ni bure? Hasha! Rubani auonaye mwamba, na chombo chake hakina usukani, hukiona kifo mapema tu. Mama aliyeambiwa kondo limekaa vibaya, naye hana nauli, wala hospitali ya karibu haina mpasuaji wala akiba ya damu, ameongezewa hofu, hakuongezewa uhai. Tena kutazamwa mara moja hakumtoshi mwenye hatari, kwa sababu kondo lililo chini mwezi wa tano huweza kupanda kabla ya mwezi wa tisa.

Basi, msomaji, kesho utakuwa mkunga, diwani, mume au mama. Siku mashine mpya itakapopokewa kwa ngoma na hotuba, usipige makofi upesi. Simama uulize: gari la wagonjwa liko wapi? Damu iko wapi? Mpasuaji yuko wapi? Asiyeiona hatari ana udhuru. Aliyeiona akakaa kimya, huyo hana.