Kabla hujabomoa jiko la zamani mwenyewe

Msomaji mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, amenitumia picha nne za jiko lake. Kabati za mbao zimefura kwa maji ya sinki, marumaru zina nyufa, ukuta umepakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi usawa wa kifua, na dari ina masizi ya miaka mingi. Yeye na mumewe wanataka kubomoa wenyewe Jumamosi ili fundi akija Jumatatu akute chumba kitupu. Anauliza kama kuna madhara, maana wana mtoto wa miaka miwili na yeye ni mjamzito wa miezi mitano.

Kung'oa kabati, kufungua sinki na kubeba vifusi ni kazi ambayo watu wazima wenye afya wanaiweza, na fedha ya kibarua inabaki nyumbani. Kinachonitia wasiwasi ni vumbi. Kwa nyumba hii ningeshauri mama na mtoto waende kwa bibi tangu Ijumaa, na wasirudi mpaka usafi uishe. Baba atafute shemeji au jirani wa kusaidiana naye.

Hiyo rangi ya kijani ndiyo sababu kubwa. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani, zilichanganywa na madini ya risasi. Ukutani ikiwa nzima haina neno. Ikikwanguliwa kwa msasa au kugongwa na tindo inakuwa unga unaotua sakafuni, na sakafuni ndiko mtoto wa miaka miwili anakoishi: anatambaa, anaokota, anatia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima akimeza kiasi kilekile, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inaathiri ubongo unaokua, na mzazi hataona dalili yoyote siku hiyo. Kwa mjamzito, risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni.

Kwa hiyo msikwangue rangi kavu. Lowesheni ukuta kwa chupa ya kupulizia maji kabla ya kugonga, na rudieni kila vumbi linapoanza kuruka. Umeme uwe umezimwa kwanza kwenye swichi kubwa, na fundi umeme awe amethibitisha kwa testa kwamba nyaya za jikoni hazina moto. Nyaya zilizozikwa ukutani hazionekani, na tindo haichagui. Mlango wa kuelekea sebuleni uzibeni kwa turubai au nailoni na gundi ya karatasi. Dirisha la nje liwe wazi.

Barakoa ya kitambaa, ile tuliyobaki nayo tangu korona, haizuii vumbi hili. Tafuteni N95 au FFP2, ibane vizuri puani. Vumbi la marumaru na zege lina silika, ambayo huumiza mapafu polepole, na mwenye pumu atabanwa siku hiyohiyo. Ongezeni miwani, glovu ngumu na viatu vilivyofunika vidole. Nimeona watu wakivunja marumaru wamevaa kandambili, sijui wanategemea nini.

Sasa angalieni juu. Kama nyumba ni ya zamani na paa au dari ni ya vipande vizito vya kijivu vinavyofanana na saruji, huenda ni asbesto. Hapo acheni, hata kama fundi atasema hakuna shida. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, na saratani inayosababishwa nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kipande kizima kisichoguswa hakina hatari kubwa. Hatari huanza kikivunjwa, kikikatwa au kikitobolewa. Mwulizeni ofisa mazingira wa halmashauri jinsi ya kukiondoa. Na tafadhali, vipande hivyo msijengee banda la kuku.

Gesi ni fupi: fungeni koki ya mtungi, ondoeni regyuleta na mpira, mtungi utoke nje ya nyumba ukiwa wima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo na mitaro. Maji nayo yafungwe kwenye koki kuu kabla ya kugusa sinki, la sivyo Jumamosi yote itaishia kwenye kudeki.

Vifusi vitieni kwenye viroba nusu tu, mgongo utawashukuru. Msifagie kwa ufagio mkavu. Futeni kwa tambara lenye maji na sabuni, mara mbili, pamoja na kingo za madirisha. Aliyebomoa aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Mkishakosa jiko mtapikia mkaa kwa siku kadhaa. Upikeni nje. Msiuingize chumbani wala kwenye korido, hata ukionekana umebaki majivu mekundu tu, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu na huua watu usingizini. Mvua ikinyesha, nunueni chipsi.