Barua za Keya zisiachiwe mchwa

UKINGONI MWA KIIRA
Na Juma Wandera

Mwaka 1930 Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kilianzisha hazina ya nyaraka za watu wa Kusini. Humo zimo barua za askari waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 upande wa majimbo yaliyojitenga ili yaendelee kumiliki watumwa. Mtu anamwandikia mkewe habari za viatu vilivyotoboka, mahindi na madeni. Sina mapenzi na watu hao wala bendera yao. Ninachowaonea wivu ni makabati.

Sisi Waganda tulitoa askari zaidi ya 70,000 katika Vita Kuu ya Pili. Batalioni ya 4 ya Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ilipelekwa Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Agosti 1944, mwaka wa imbalu, tohara ya vijana, kule Bugisu, wadogo wakichezeshwa ngoma nyumbani, kaka zao walikuwa wakikanyaga tope la Bonde la Kabaw, mvua juu, malaria mwilini, wakiwafukuza Wajapani kuelekea Kalewa na mto Chindwin. Hata kufika huko ilikuwa bahati. Tarehe 12 Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa, ilizamishwa karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliandika nini nyumbani? Wengi walijiunga bila kujua kusoma, wakajifunzia jeshini. Kabla ya hapo askari alimsemea mwenzake mwenye elimu, naye akaandika barua. Ofisa akaisoma, akafuta asichokitaka. Ikifika kijijini, mwalimu au katekista akaisoma kwa sauti, mashemeji wamekaa wanasikiliza. Mume gani atamwaga ya moyoni hapo? Ndiyo maana salamu zinajaza nusu ukurasa.

Niliwahi kuonyeshwa barua moja ya aina hiyo katika nyumba iliyo mteremkoni mwa Nkokonjeru, juu ya mji wa Mbale. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya risiti za kahawa, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuachia. Kiswahili chake ni cha kambini, kavu kama amri. Baada ya salamu askari anauliza swali moja tu: pesa ninazokatwa kila mwezi, nani anazipokea? Mstari unaofuata umepakwa wino mweusi.

Swali hilo si la mtu mmoja. Mke, ng'ombe, mahari, mpaka wa shamba, pesa iliyopotelea njiani: hayo ndiyo yaliyowakosesha askari wetu usingizi, pamoja na hao Wajapani. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua tunayapata katika ripoti za wakaguzi wa barua, zilizohifadhiwa Uingereza. Mkaguzi alichagua sentensi, akaitafsiri kwa Kiingereza, akawaarifu wakubwa wake kama watu wana manung'uniko. Robert Kakembo, askari kutoka Buganda, alipata bahati ya kutoa mawazo yake katika kitabu chake mwenyewe, kilichochapishwa London mwaka 1946. Wengine tunawasikia kupitia aliyewapeleleza.

Mafaili ya utawala wa kikoloni ya hapa Jinja yamekwisha kupangwa na kuorodheshwa, kazi iliyosaidiwa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Michigan. Vizuri, lakini faili la DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, linaonyesha alichokiona DC. Barua ziko majumbani, na wajukuu wanapogawana nyumba, sanduku la bati huishia kwa muuza chuma chakavu. Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, na wanafunzi wa historia hawakosekani huko Bugisu wala Busoga. Waende majumbani wazitafute.

Nitaambiwa hizo ni siri za familia. Ni kweli, na nyingine zina moto: mtoto aliyezaliwa baba akiwa Burma, shamba lililouzwa na mdogo wake. Kwa hiyo barua ya asili isitoke nyumbani. Ipigwe picha palepale mezani, mwenye nyumba aseme majina gani yafichwe na kwa miaka mingapi, na apewe nakala safi iliyochapwa, kwa sababu mara nyingi yeye mwenyewe hajaweza kuusoma mwandiko wa babu yake.