Kutapika safarini si ushamba

Umekaa ndani ya basi stendi ya Kange, Tanga. Basi la jirani linarudi nyuma, nawe unahisi lako ndilo linaloondoka. Macho yameona mwendo, sikio la ndani halijahisi kitu, ubongo ukayaamini macho.

Ukivuka kwenda Pemba kwa boti huwa kinyume: umeinamia simu, macho yanaona utulivu, sikio linahisi mawimbi. Mgongano huo ndio huleta kichefuchefu. Basi tuache kumcheka anayetapika eti mshamba wa bahari. Tumpishe akae katikati ya chombo, penye hewa, atazame mbali bahari inapokutana na mbingu.

Lakini anayepata kizunguzungu mara kwa mara akiwa ametulia nyumbani, asidhani ni uchovu tu. Aende hospitali.